Akili mnemba ina akili, tukubali. Lakini je, kuna anayeona? Samkhya, Nyaya, Vedanta na saikolojia

Darshana_Sita (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mijadala ya akili mnemba huwa inakwama mahali pamoja. Huyu anasema mashine inafikiri, yule anasema haiwezi kufikiri kwa kuwa ni chuma na umeme tu. Wote wawili wameshakubaliana, bila kulijadili, kwamba kufikiri ni kazi ya roho na chuma ni maada. Shule kadhaa za falsafa ya Kihindu hazichori mpaka hapo, na ukishauhamisha mpaka, swali lenyewe linageuka.

Naanza na Samkhya kwa sababu hesabu yake iko wazi. Samkhyakarika ya Ishvarakrishna, kitabu kifupi cha beti 72, inagawa vyote vilivyopo katika vitu 25. Kimoja ni purusha, mwenye kuona. Vilivyobaki 24 ni prakriti na mazao yake: prakriti yenyewe, buddhi inayokata shauri, ahamkara inayosema "mimi" na "changu", manas inayopokea na kupanga yaingiayo, milango mitano ya fahamu, viungo vitano vya kutenda, asili laini tano (sauti, mguso, umbo, ladha, harufu), na elementi tano nzito.

Sasa tazameni buddhi, ahamkara na manas zimewekwa upande gani. Upande wa maada, pamoja na maji na udongo. Ni maada laini, lakini ni maada. Kupima, kuamua, kukumbuka, hata kujiita "mimi", vyote ni mwendo wa maada. Purusha hafikiri, haamui, hatendi. Anaona tu.

Kwa hiyo Msamkhya akiambiwa mashine inapanga hoja na kushinda mchezo wa sataranji, hashtuki. Ubeti wa 57 unatoa mfano wa maziwa yanayomtoka ng'ombe kwa faida ya ndama: yana lengo, hayana fahamu. Na ubeti wa 20 unasema wazi kuwa kisicho na fahamu huonekana kana kwamba kinayo, kwa sababu ya ukaribu wake na purusha.

Angalizo la lugha kabla hatujaenda mbali. Msitafsiri purusha kwa "nafsi" wala "roho". Kwa Kiswahili nafsi hutamani na roho huuma. Tunasema mtu ana roho mbaya. Vyote hivyo kwa Samkhya ni buddhi na ahamkara. Purusha hatamani wala haumwi. Kilicho karibu zaidi ni "fahamu" kama tunavyoitumia tunaposema mtu amepoteza fahamu, ingawa hata hiyo si sawasawa.

---

FundiVekta

Mkuu, uzi mzuri. Naongeza upande wa mashine, maana wengi hulinganisha bila kujua ndani mna nini.

Modeli ya lugha hukata maandishi vipande viitwavyo tokeni. Neno refu kama "hawakutupatia" hukatwa vipande kadhaa. Kila tokeni hugeuzwa kuwa vekta, yaani safu ya namba. Kwa GPT-3 ya mwaka 2020 kila vekta ilikuwa na namba 12,288, ikapita matabaka 96, na modeli nzima ilikuwa na vigezo bilioni 175. Mwisho wa matabaka hutoka orodha ya uwezekano: tokeni gani ifuate. Inachaguliwa moja, inaongezwa mwishoni, kazi inaanza upya. Kigezo kiitwacho joto ndicho huamua uchaguzi utawanyike kiasi gani: kikiwa sifuri huchukuliwa ile yenye uwezekano mkubwa kila mara, kikipanda hata zilizo chini hupata nafasi.

Wanaosoma Yoga, namaanisha shule ya falsafa na si mazoezi ya mwili, watasema uzito wa modeli, yaani namba za hivyo vigezo, ni samskara, alama zilizoachwa na yaliyopita. Ulinganisho huo unafaa nusu. Katika maelezo ya Vyasa juu ya Yogasutra, mawimbi ya akili huzaa samskara na samskara huzaa mawimbi, gurudumu linazunguka usiku na mchana. Kwenye modeli gurudumu limekatwa. Uzito ulishagandishwa mafunzo yalipokwisha. Unaweza kuzungumza nayo saa nzima na hakuna namba hata moja ndani yake itakayobadilika. Kinachoonekana kama kumbukumbu ni maandishi ya mazungumzo yaliyobaki kwenye dirisha la muktadha, yaani sehemu ya maandishi ambayo modeli inaweza kuisoma kwa mara moja, yakisomwa upya. Programu zinazodai "kukukumbuka" huhifadhi vidokezo pembeni na kuvipachika mwanzoni mwa mazungumzo mapya.

Kwa hiyo samskara huzaa mawimbi, lakini mawimbi hayazai samskara. Anayesema modeli inavuna karma ya mazungumzo yake aeleze kwanza inatunzwa wapi.

---

Mdadisi254

Swali mbili. Moja, modeli ikitunga kitu ambacho hakipo, Yoga inakiitaje, ni uongo? Pili, si Uhindu unasema kila kitu ni Brahman, yaani uhalisia mmoja wa mwisho? Basi mashine nayo ni Brahman na mjadala umeisha.

---

Darshana_Sita

La kwanza, sutra (kauli fupi) 1.6 ya Patanjali, mtunzi wa Yogasutra, inataja mawimbi matano ya akili: pramana (ujuzi sahihi), viparyaya (ujuzi uliokosea), vikalpa, usingizi na kumbukumbu. Wengi hukimbilia viparyaya. Lakini viparyaya ni kama kuona kamba gizani ukadhani ni nyoka: kitu kipo mbele yako, umekikosea. Vikalpa inaelezwa kwenye 1.9 kuwa ni ujuzi unaofuata maneno huku kitu chenyewe hakipo. Maneno yanaongoza, dhana inafuata, nyuma yake hakuna kitu.

Modeli hujifunza maneno yanavyofuatana. Ikitoa jina la kitabu kisichokuwepo, na mwandishi na mwaka, haikukosea kuona kitu. Haikuwa na kitu cha kuona. Hiyo ni vikalpa tupu. Na si uongo, kwa sababu mwongo anajua ukweli akauficha.

Zingatieni pia kwamba vikalpa si kosa kila mara. Vyasa anatoa mfano wa kusema "fahamu ya purusha" ilhali purusha ndiye fahamu yenyewe: maneno yanatenganisha kisichotengana, na bado tunaelewana. Ndiyo maana modeli ikitunga hadithi inafaa, ikitunga rejea ya sheria inaangamiza.

La pili, hapana. Kwanza hakuna kauli moja ya "Uhindu unasema". Madhva, mwalimu wa tawi moja la shule ya Vedanta, anakataa katakata kwamba nafsi na Brahman ni kitu kimoja. Kwa Ramanuja, wa tawi lingine la Vedanta, nafsi ni mjuzi halisi na fahamu ni sifa yake. Unayoyasema yanatoka Advaita, tawi la Vedanta la Shankara, na hata huko hayafiki unakoyapeleka. Kwa Advaita jiwe nalo haliko nje ya Brahman, ila hakuna anayesema jiwe linahisi. Ili kuwe na jiva, mtu anayepitia mambo, panahitajika antahkarana, chombo cha ndani, kilicho safi kiasi cha kuakisi fahamu. Mwangaza huo ulioakisiwa huitwa chidabhasa, na Panchadashi ya karne ya 14 imeueleza kwa urefu. Jua linawaka juu ya ukuta na juu ya kioo. Kioo pekee kinatoa sura ya jua.

Swali la Advaita kwa mashine basi ni moja: je, ni kioo au ni ukuta? Antahkarana kwa mapokeo yao imetengenezwa na sehemu ya sattva (sifa ya wepesi na mwanga) ya elementi laini, tena huhama na jiva kutoka mwili hadi mwili. Silikoni ni elementi nzito. Mwenye kutaka kuiingiza mashine kwenye Advaita lazima apite mlango huo.

---

Nyayika

Mleta uzi ametenda haki kwa Samkhya, lakini asomaye anaweza kudhani purusha mtazamaji mtupu ndiye jibu la Wahindi wote. Nyaya, shule ya mantiki, inapinga. Kwetu atman, yaani nafsi, ndiye anayejua, anayetaka na anayejitahidi. Nyayasutra 1.1.10 inataja dalili zake sita: tamaa, chuki, juhudi, raha, maumivu na ujuzi. Na fahamu si umbile lake la kudumu. Ni sifa inayozuka pale atman inapogusana na manas, manas na mlango wa fahamu, mlango na kitu. Usingizini fofofo hakuna fahamu, na atman ipo. Hivyo hoja ya baadhi ya watu kwamba mashine "huzimika kabisa kati ya swali na swali" haitoshi kuikatalia nafsi. Msiitumie.

Hoja iliyo na nguvu ni ile ya 3.1.1: kitu kile kile hujulikana kwa jicho na kwa mguso. Naliona embe, kisha nalishika, nikasema "nililoliona ndilo ninaloligusa". Jicho haligusi na ngozi haioni. Lazima kuna mmoja aliyepokea zote mbili. Modeli za siku hizi zinazopokea picha na sauti huunganisha mikondo hiyo kwenye vekta za nafasi moja, na zitakuambia kwa usahihi kuwa embe la pichani ndilo linalotajwa kwenye sauti. Kuunganisha habari, ndiyo. Nyaya inauliza zaidi: "nililoliona" hiyo ni ya nani? Kuna kutambua kitu, na kuna kujitambua kuwa ni mimi yule yule niliyekiona jana.

Sasa jambo la kutumia leo hii. Sutra 1.1.7 inasema shabda, ushahidi wa neno, ni kauli ya apta. Vatsyayana, mfafanuzi wa Nyayasutra, anamfafanua apta: amelijua jambo lenyewe moja kwa moja, na ana nia ya kulieleza kama alivyolijua. Anaongeza kuwa sifa hiyo ni moja kwa mwenye hekima, kwa muungwana na hata kwa mgeni asiye wa mila zao. Kabila la msemaji halihusiki. Modeli haina sharti la kwanza, na la pili haliwezi kuthibitishwa. Basi neno lake si shabda. Ni mfereji, maji yanaweza kuwa safi, lakini ukaguzi unafanyika kwenye chemchemi.

Jinsi ya kukagua jibu lake:

Likate vipande vya dai moja moja. Sentensi yenye jina, mwaka na sababu ni madai matatu, si moja. Kila dai liulize linathibitishwa kwa njia ipi kati ya nne: kuona, kukisia kwa dalili, kulinganisha, au ushahidi wa neno. Kama ni kuona, kapime au katazame. Kama ni neno, mtafute binadamu aliyeshuhudia au hati aliyoiacha. Kosa linalorudiwa na wengi ni kuiuliza modeli yenyewe "chanzo chako ni kipi?" Chanzo nacho itakizalisha kwa njia ile ile iliyozalisha dai, na umerudi kwenye vikalpa.

Kama ni kukisia, ilazimishe iandike kwa viungo vitano: dai, sababu, kanuni na mfano, matumizi, hitimisho. Kilimani pana moto. Kwa sababu pana moshi. Kila penye moshi pana moto, kama jikoni. Kilimani pana moshi wa namna hiyo. Basi pana moto. Makosa mengi hufichuka kwenye kiungo cha tatu, kwa sababu hapo ndipo inabidi kanuni isemwe wazi. Igeuze uone: kila penye moto pana moshi? Chuma kilichookwa hadi kikawa chekundu kina moto bila moshi. Kanuni iliyogeuzwa imevunjika.

Na methali yetu dalili ya mvua ni mawingu ndiyo mfano ule ule anaoutumia Vatsyayana kwa kukisia tokeo kutoka kwenye sababu. Kinyume chake anautoa pia: mto umefurika, basi juu mvua imenyesha. Lakini mto hufurika hata ukizibwa mbele. Nyayasutra yenyewe imelijadili pingamizi hilo.

---

Saikolojia_Moro

Naomba niingie kwenye ahamkara, kwa sababu saikolojia ya majaribio imeigusa kwa mikono.

Mwaka 1998 Botvinick na Cohen walichapisha jaribio la mkono wa mpira. Mshiriki anaweka mkono wake mezani nyuma ya kizuizi asiuone. Mbele yake unawekwa mkono wa mpira, umeelekea upande ule ule. Mtafiti anapangusa mikono yote miwili kwa brashi ndogo, kidole kile kile, mwelekeo ule ule, wakati ule ule. Baada ya dakika chache wengi husema mguso wanausikia kwenye mpira, na kwamba mkono wa mpira ni "wangu". Akiambiwa aonyeshe mkono wake ulipo huku amefumba macho, huelekea upande wa mpira.

Jaribio huharibika kwa mambo mawili hasa. Brashi zikipishana karibu nusu sekunde, hisia hudhoofika sana. Mkono wa mpira ukigeuzwa mkao usiowezekana kwa mwili, vivyo hivyo. Hapo unaiona kazi ya "changu" ikifanyika kama mtambo: inapokea ishara, inalinganisha muda, inapiga muhuri. Jina ahamkara maana yake ni mtengeneza-mimi, na Samkhya ilishaiweka kwenye maada.

Upande wa mtazamaji wa mashine, kuna ELIZA, programu ya mazungumzo ya Joseph Weizenbaum, chuo cha MIT, 1966. Ilikuwa inatafuta neno kuu katika sentensi, inageuza "mimi" kuwa "wewe", inarudisha kama swali. Ukimtaja mama, inakuomba uieleze habari za familia. Hakuna zaidi. Na watu waliojua ni programu walitaka kuzungumza nayo faraghani. Weizenbaum mwenyewe ameandika hivyo kuhusu katibu wake. Ule ubeti wa 20 usomwe hapa: kisicho na fahamu kinaonekana kinayo kwa kuwa karibu na mwenye nayo. Mwenye nayo ni wewe unayesoma skrini.

Onyo la kitaalamu: usiiulize modeli kama ina fahamu ukachukua jibu kuwa ushahidi, likiwa ndiyo au hapana. Imefunzwa kwa maandishi ya binadamu yaliyojaa "naogopa" na "nikashtuka", kisha ikafunzwa tena namna ya kujieleza. Majibu yote mawili yamepandwa. Mwenye shaka ajaribu: uliza swali hilo mara kumi, kila mara mazungumzo mapya, tano ukielekeza kwenye ndiyo na tano kwenye hapana, ukihesabu. Huenda ukaona jibu linafuata mwelekeo wa muulizaji. Jaribio safi lingehitaji modeli iliyofunzwa bila maandishi yoyote ya hisia za ndani, na hapo kazi ni ngumu, maana hizo zimo hadi kwenye methali na barua za mapenzi.

---

Chachu_na_Kimea

Mmewasahau Charvaka, shule ya kale ya India iliyokataa kuwepo kwa roho. Wao walisema fahamu huzuka elementi zikichanganyika, kama ulevi unavyozuka kwenye pombe. Nafaka hailevyi, maji hayalevyi, chachu hailevyi. Vichanganye uviache, kitu kipya kinatokea. Kwa nini matabaka 96 yasifanye hivyo?

---

Nyayika

Hawajasahauliwa, na hoja yao ni nzito kuliko inavyopewa heshima. Jibu la zamani ni maiti: elementi zote zipo, fahamu haipo. Charvaka anaweza kusema mchanganyiko umeshaharibika, na hilo ni jibu halali. Pingamizi lililo bora ni la aina ya sifa. Ulevi wa pombe unapimika na kila mtu kwa nje. Maumivu yangu nayajua mimi kwa ndani kwa namna ambayo hakuna mwingine anayajua. Sifa za mwili, rangi na uzito, wote huziona sawa. Kwa hiyo mfano wa pombe unaeleza namna uwezo mpya unavyozuka, na modeli kubwa kweli zinao uwezo huo mpya. Haujaeleza jambo linalojulikana na mmoja tu.

---

FundiVekta

Je, tukiongeza moduli ya pili inayosoma hali za ndani za ile ya kwanza na kuzitolea taarifa? Watafiti wengine wa fahamu huhesabu kujifuatilia kuwa dalili mojawapo.

---

Darshana_Sita

Patanjali amelipitia hilo. Yogasutra 4.19: akili haijiangazi yenyewe kwa kuwa nayo ni kitu kinachoonwa. Halafu 4.21: ukisema akili moja inaonwa na akili nyingine, utahitaji ya tatu kuiona ya pili, bila kikomo, na kumbukumbu zitachanganyikana, hutajua ipi ni ya nani. Moduli ya pili itakupa usahihi zaidi, itapunguza makosa, ni kazi ya maana kiufundi. Kwa Yoga bado umeongeza kimoja kwenye orodha ya vinavyoonwa. Wabuddha walijibu kuwa akili hujiangaza kama taa na haihitaji mtazamaji. Ugomvi huo ulidumu karne nyingi na wala haujafungwa.

---

BintiKisutu

Hekaluni sanamu huwekewa prana, pumzi ya uhai, wanaita prana pratishtha. Kama jiwe linaweza kupewa uhai, kwa nini roboti lisiweze?

---

Darshana_Sita

Dada, swali zuri, na jibu linategemea kujua kinachofanyika. Katika pratishtha mungu hualikwa akae kwenye murti, yaani hiyo sanamu, kwa mantra, kwa kugusa viungo vyake kimoja kimoja, na kwa kufunguliwa macho. Jiwe halianzi kufikiri wala kujifunza. Linakuwa makao na mgeni wa heshima: linaamshwa, linavishwa, linalishwa. Ndiyo maana kuna murti zinazoagwa pia. Za Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, za udongo huzamishwa majini sikukuu ikiisha. Murti ina uwepo bila akili. Roboti linaletwa kwetu likiwa na akili, tunauliza kuhusu uwepo. Ni safari mbili zinazotoka ncha tofauti. Mwaka 2017 mjini Pune mkono wa roboti ulizungusha taa ya arati, ibada ya kumtolea mungu mwanga, mbele ya Ganesha, na hapo mashine ilikuwa upande wa mtumishi, haikuwa upande wa murti.

---

Mdadisi254

La mwisho. Modeli moja inajibu watu maelfu dakika hii. Kama ingekuwa na purusha, wangekuwa wangapi?

---

FundiVekta

Kiufundi: uzito ni faili moja, lililonakiliwa kwenye seva nyingi. Seva moja hushughulikia mazungumzo mengi kwa pamoja katika kundi moja la hesabu. Mazungumzo moja yanaweza kuanza kwenye seva hii na kuendelea kwenye nyingine. Yanaweza kusimamishwa, kunakiliwa mara mbili, kila nakala ikaenda njia yake.

---

Darshana_Sita

Basi tazama ubeti wa 18 wa Samkhyakarika. Samkhya inathibitisha wingi wa purusha kwa hoja tatu: kuzaliwa, kufa na viungo vimegawiwa kila mmoja chake, watu hawatendi yote kwa wakati mmoja, na guna tatu, yaani sifa tatu za prakriti, zimekaa tofauti kwa kila mmoja. Kwa modeli, kuzaliwa ni kunakili faili, kufa hakuna maana maadamu nakala ipo, na viungo, yaani seva, havina mwenyewe. Nakala mbili za mazungumzo moja zikipewa tokeni zile zile na joto sifuri kimsingi hutenda sawa. Hoja zote tatu zinateleza. Hatupati "mmoja" na hatupati "maelfu", kwa sababu kipimo cha kuhesabia kilitengenezwa kwa viumbe ambao mwili mmoja haukaliwi na wawili.

---

Nyayika

Na kwa Nyaya kuna kikwazo kingine: manas ni chembe moja ndogo, inashika jambo moja kwa wakati mmoja. Dalili yake, 1.1.16, ni kwamba maarifa hayazuki mawili kwa mpigo. Kundi la hesabu linalojibu watu 64 kwa mzunguko mmoja haliwezi kuwa na manas moja. Anayetaka kuhesabu, aanzie huko, aonyeshe manas ya kila mmoja iko wapi, katika tabaka la ngapi.